Mpiga Chuma wa Akheri

Ngeee!

Chuma kilipigwa mara moja, na mlio wake ukashuka bondeni taratibu, ukipita migombani, ukizunguka mabanda ya ng'ombe, mpaka ukafia mtoni. Waliokuwa watoto huko Akheri miaka ile ya Wajerumani, walipokuwa wazee wakaulizwa walichokumbuka, hawakutaja bendera wala bunduki. Walitaja mlio huo. Kilikuwa kipande kifupi cha reli, kilicholetwa kutoka Moshi kwa magari ya ng'ombe, na aliyekibeba begani kwa kamba ya ngozi aliitwa Sumari. "Sumari huyo," mama zao walisema, na kila mmoja akatupa jicho mtoni kuona nani yuko chini.

Sumari mwenyewe hakuwa mtu wa makelele. Alizaliwa mteremkoni mwa Meru kabla Wajerumani hawajafika, katika nyumba ya watu wapole waliozungumza na ng'ombe wao kwa sauti ya chini wakati wa kukamua. Ujanani alichukuliwa pamoja na wenzake kwenda Arusha kubeba mawe ya kujengea boma. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kwa waashi waliotoka pwani, na maisha yake yote Kiswahili chake kilibaki cha kiashi: maneno machache, mazito, kila moja likiwekwa juu ya jingine kwa uangalifu lisije likaanguka. Aliporudi nyumbani alipanda migomba, akafuga, akamwoa Elinaza.

Elinaza alikuwa binti wa mjane wa ng'ambo ya mto. Watu walimwita mjane huyo Mama Elinaza. Jina lake la utotoni Sumari hakulitamka hata siku moja, na hapa pia halitatajwa. Ndiyo iliyokuwa adabu. Mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakupeana mikono, hawakula mmoja mbele ya mwenzake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja aliingia migombani mpaka mwingine apite, na aliyewahi kuingia ndiye aliyesifiwa kwa malezi. Kwa miaka yote ya ndoa yake Sumari alimjua mama mkwe wake kwa kisogo, kwa shuka la hudhurungi likipotea nyuma ya majani, na kwa maziwa mgando aliyowatumia kila mara kibuyu kilipojaa. Alimpenda hivyo hivyo. Asidhani mtu kwamba palikuwa na chuki. Palikuwa na heshima, na heshima ile ilitaka nafasi.

Kampuni ilikuja baadaye, ikaja na gurudumu. Wazungu wachache wenye mashamba chini ya mlima waliungana, wakauziba mto huko juu kwa ukuta wa mawe wenye mlango wa mbao, wakachimba mfereji wa kuyapeleka maji pembeni hadi kwenye gurudumu kubwa la chuma. Gurudumu likazungusha misumeno ya kupasulia magogo, na mwaka uliofuata likazungusha pia mashine ya kuwashia taa nyumbani kwa Bwana, mzungu aliyeisimamia kampuni. Watu walikwenda kuitazama taa hiyo. Wakakubali kwamba ni nzuri, wakarudi kwenye moto wao.

Lakini gurudumu liliubadili mto. Kati ya ukuta na mahali maji yaliporudi, mto ulibaki mkavu, isipokuwa vidimbwi vichache na udongo mweusi wenye unyevu. Wanawake wa Akheri si watu wa kuuacha udongo wa namna hiyo ukae bure. Walishuka na majembe, wakapanda magimbi na maharage katikati ya mawe, nayo yakastawi kuliko ya juu.

Shida ilikuwa tope. Bwawa la kampuni lilikuwa likijaa tope, na kila lilipojaa, mlango wa chini ulifunguliwa kwa mara moja ili maji yalizoe. Hapo mto uliokuwa umelala uliamka wote kwa pamoja. Mara ya kwanza ulichukua mbuzi. Mara ya pili ulichukua jembe na kikapu, na mwenye jembe alipona kwa kushika mzizi wa mti. Wazee wakaenda kwa jumbe, jumbe akaenda bomani, na kutoka bomani neno likaifikia kampuni: kabla ya kufungua, watu waambiwe.

Ndipo kampuni ikatafuta mdomo. Mnyapara wake alikuwa Solomoni, mtu wa Machame, aliyejua Kijerumani cha shule. Alimkuta Sumari akirekebisha ukuta wa zizi.

"Wanasema unajua Kiswahili," Solomoni alisema.

"Cha mawe."

"Kinatosha. Maji nayo hayana maneno mengi."

Siku ya kwanza ya kazi Sumari alipeleka habari kama Mmeru anavyopeleka habari. Aliingia nyumba ya kwanza, akakaa. Akauliza hali ya watoto, ya ng'ombe, ya mgomba ulioangushwa na upepo. Akapokea pombe ya ndizi, maana kukataa ni kusema nyumba hiyo haina kitu. Kisha, maneno ya kawaida yalipokwisha na watu wakatulia, akaitoa habari yake: kesho kampuni inafungua maji. Wenye nyumba wakaigeuza, wakaiuliza maswali, wakaikubali. Akanyanyuka, akaingia nyumba ya pili. Jua lilipotua alikuwa amemaliza nyumba chache tu za upande mmoja, na njia ya kurudi kwake aliiona imekuwa mbili.

Kesho yake Bwana alikuwa amesimama ukutani, mikono kiunoni, uso umemwiva. Alisema maneno mengi. Solomoni alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Sumari.

"Bwana anauliza, alikutuma kutangaza au kuposa?"

Tangu hapo ikawekwa amri nyingine. Sumari akapewa kile chuma. Atasimama njiani, atapiga, atasema: kesho asubuhi kampuni inafungua maji, tokeni mtoni. Kisha asonge mbele. Asiingie kwa mtu, asikae, asinywe. Kazi yote iishe kabla ya adhuhuri.

Alifanya hivyo kwa aibu. Neno la kupigiwa kelele kutoka njiani lilikuwa la kuitia mbuzi waliopotea, si la kuambia watu wenye milango. Jirani yake Loishiye, mzee mcheshi aliyependa pombe na maneno kwa kiasi kilekile, alikuwa akimngoja kwenye ua wake wa mimea ya masale.

"Sumari, siku hizi watuita kama mifugo?"

"Si mimi, baba. Ni kampuni."

"Kampuni haina miguu. Miguu ninayoiona hapa ni yako, na mmoja una funza. Ingia ukae!"

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa kukaa! Basi na hao wazungu wako hawana mama."

Hata hivyo watu walisikia na wakatoka mtoni. Kampuni iliridhika, maana tangu chuma kianze hapakuwa na mashtaka bomani. Kitu kimoja ambacho kampuni haikukijua ni kwamba palikuwa na nyumba ambayo Sumari hakuifikia kamwe. Nyumba ya Mama Elinaza ilikaa peke yake ng'ambo, nyuma ya kilima kidogo, na mlio wa chuma ulifika huko ukiwa umechoka. Kwenda kusimama mlangoni pa mama mkwe na kumpigia kelele za amri lilikuwa jambo lisilofikirika. Kwa hiyo kila mara Elinaza ndiye aliyevuka mto siku ya kutangaza, akakaa na mama yake, akamwambia, akarudi na kibuyu. Kazi ikawa ya watu wawili, na jambo likaenda vizuri.

Kisha Elinaza akajifungua mtoto wa kike. Kwa desturi mzazi hatoki nje mpaka miezi ipite. Hukaa ndani karibu na moto, hulishwa, husifiwa kwa kunenepa. Mama yake Sumari alimpikia mtori, na Mama Elinaza alituma magimbi, kwa kuwa aliamini hakuna kinacholeta maziwa kifuani kuliko gimbi la mtoni. Kila siku chache kikapu kilikutwa mlangoni, na shuka la hudhurungi likionekana kwa mbali likipotelea migombani.

Katika siku hizo hizo bwawa likajaa tope.

Sumari alizunguka na chuma chake asubuhi yote, akilifikiria jambo hilo moja. Alipofika kwa Loishiye alivunja amri, akaingia uani.

"Baba, nina haja. Mama wa nyumba yangu yuko ndani na mtoto. Nani atavuka kumwambia mama yake?"

"Mimi nina miguu," alisema Loishiye. "Nitavuka mwenyewe."

"Leo, baba."

"Leo. Unanionaje? Nenda kapige chuma chako."

Sumari akashukuru, akalala kwa amani.

Asubuhi kazi yake ilikuwa kusimama juu ya gema, kwenye mteremko mkali wa ukingo, mahali mto ulipoonekana vizuri, apige chuma kwa mara ya mwisho. Jua likifika kwenye mti mrefu wa mwerezi, Solomoni angefungua mlango kule juu. Solomoni hakuweza kumwona Sumari kutoka pale alipo, wala haikutakiwa amwone. Kwa kampuni, watu walikwisha kuambiwa, na neno likisemwa limesemwa.

Alipokuwa akipanda gema alimkuta Loishiye amekaa kwenye jiwe, macho mekundu.

"Ulimwambia?" Sumari aliuliza.

"Nilikwenda, mwanangu. Nilikuta mlango umefungwa. Nikasema nitarudi baadaye. Sasa njiani pale nikapita kwa watu ambao pombe yao ilikuwa imeiva, na..." Loishiye akatazama miguu yake. "Labda alisikia chuma."

Sumari alikimbia mpaka ukingoni, akatazama chini.

Alikuwa pale. Katikati kabisa ya mto, kati ya majani mapana ya magimbi, mwanamke mwembamba ameinama, akichimba kuzunguka shina kwa kijiti. Kikapu kilikuwa pembeni yake, nusu kimejaa.

Sumari akapiga chuma kwa nguvu zake zote.

Mama Elinaza aliinua uso. Akaona juu ya gema mtu amesimama, akamtambua ni nani, na akafanya lile ambalo mwanamke yeyote mwenye adabu angelifanya: akajifunika shuka kichwani, akachutama chini ya majani ya magimbi, akatulia kama sungura. Kwa kweli alijificha vizuri sana.

Sumari akapiga tena. Majani yakatikisika kidogo, kwa kuwa aliyejificha alizidi kujikunja. Akapaza sauti, "Maji! Tokeni!" lakini sauti ya mkwe ikiita kutoka juu ilikuwa aibu juu ya aibu, na shuka halikuonekana tena hata upindo. Ndipo Sumari akaelewa kwamba kadiri atakavyozidi kupiga, ndivyo atakavyozidi kumbakiza pale. Kila mtu mwingine katika Akheri angemwita akaja. Yeye peke yake hangeweza.

Alitazama mwerezi. Jua lilikuwa karibu nao. Akakitupa chuma kwenye nyasi, akateremka gema kwa makalio na visigino, akiporomosha mawe.

Alipofika chini hakumwendea. Hata katika haraka ile mwili wake ulikataa. Alimpa mgongo, akasimama mbele ya jiwe kubwa la mtoni, akaliambia, kama wakwe wanavyofanya neno likibana:

"Wewe jiwe, mwambie mwenye magimbi kwamba maji yanakuja. Atoke sasa hivi."

Chini ya majani ikatoka sauti kavu, isiyo na haraka.

"Jiwe, muulize huyo mtu, tangu lini mwanamume akamfuata mama wa mke wake mpaka kwenye magimbi?"

"Jiwe, mwambie nimetumwa na kampuni."

"Jiwe, mwambie kampuni haikuoa kwangu. Aliyeoa ni yeye. Ajiondoe, naye akishaondoka mimi nitatoka."

"Jiwe, mwambie hakuna nafasi ya kuondoka!"

"Basi mwambie nami sina. Kuna mzazi anangoja chakula, na hili gimbi limeshikana na mawe."

Majani ya migomba huko juu yalikuwa yametulia, lakini Sumari alisikia kitu kama upepo kikija kutoka juu ya mto. Vidimbwi vikaanza kutetemeka. Maji hayakupiga hodi.

Akageuka. Aliliondoa jani, akamwona mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza, na kilichomshangaza, hata wakati ule, ni kwamba uso huo alikuwa akiujua. Ulikuwa uso wa Elinaza uliotembea mbali zaidi. Yule mama alifungua kinywa amkemee. Sumari akamshika mkono, juu kidogo ya kifundo, akamvuta kama mtu anavyong'oa mche, na wakapanda ukingo wakijikwaa, kijiti bado kimo katika mkono wake mwingine.

Tope lilipita chini ya miguu yao. Lilikuwa jeusi na zito, limebeba vigogo, na katikati yake majani ya magimbi yalizunguka yakionyesha upande wa juu, upande wa chini, upande wa juu, mpaka kona. Kikapu kilielea kitambo kizuri kabla hakijazama.

Walikaa kwenye nyasi, mmoja huku, mmoja kule. Mama Elinaza alivuta shuka akajifunika tena kichwa. Hakusema na jiwe wala na mtu. Pumzi yake ilipotulia alinyanyuka, akaingia migombani, akaenda zake. Sumari alibaki akiutazama mkono wake. Maji yalikuwa yamemtisha, lakini mkono ule ndio uliomlemea.

Mchana Solomoni alimwuliza kama kawaida, "Mto ulikuwa mtupu?"

"Haukuwa mtupu. Nilipiga chuma, naye akajificha."

"Nani atajifichia maji?"

"Hakujifichia maji. Alinificha mimi uso. Ni mama wa mke wangu."

Solomoni akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkatika. Hata Machame watu wana wakwe. "Wangu yuko mbali, Mungu amweke huko huko," alisema kwa sauti nyingine. "Ngoja niseme na Bwana."

Alisema naye kwa muda mrefu. Bwana aliuliza mara mbili jambo lilelile, akakuna shingo, akatazama mto. Jibu Solomoni alilileta hivi: "Anasema kampuni haiwezi kumngoja kila mkwe. Chuma kitaendelea. Lakini utangaze siku mbili kabla, uende unavyojua wewe, ukae unapotaka kukaa. Anachotaka ni mto mtupu. Na usirudi umelewa."

Nyumbani, Elinaza alisikia habari yote akiwa na mtoto kifuani.

"Ulimshika?"

"Nilimshika."

"Mkono?"

"Mkono."

Elinaza alifunika mdomo, na Sumari hakujua kama analia au anacheka, mpaka akaona ni yote mawili. "Maskini mama yangu," alisema. "Atakaa ndani kunishinda mimi."

Na kweli Mama Elinaza hakuonekana. Kikapu hakikukutwa tena mlangoni, wala kibuyu. Watu walisema hataki kuonwa, kwamba amedhalilika, na kwamba mjukuu wake ataanza kutembea kabla hajamwona. Sumari alipiga chuma chake kwa wengine na moyo wake ukiwa ng'ambo. Siku ya kufungua maji itarudi tu, na mwanamke aliyeaibika hatamsikiliza mjumbe yeyote atakayetoka kwake.

Loishiye ndiye aliyeinuka, bila kuombwa. "Mimi ndiye niliyeunywa ujumbe wako," alisema. "Nipe kondoo, na mimi nitaongeza asali yangu." Akavuka na wazee wawili, wakakaa kwa Mama Elinaza tangu asubuhi. Mwanzoni alizungumza nao akiwa nyuma ya mlango. Wakamweleza, wakataniana, wakanyamaza, wakaeleza tena. Loishiye alijilaumu kwa maneno mengi mpaka mjane mwenyewe akamwambia yatosha. Kondoo akachinjwa, na Sumari akaitwa. Mafuta yake yakapakwa, ya kufuta aibu, kwenye kifundo cha mkono ulioshikwa na kwenye kiganja kilichoshika, kila mmoja upande wake wa ukuta. Kisha wazee wakasema: hawa maji yamekwisha kuwakutanisha, nasi hatuwezi kuyarudisha. Tangu leo waambizane neno la lazima, wakiwa wamekaa, bila kutazamana.

Mvua zikaja, zikaenda. Tope likajaa bwawani tena.

Siku mbili kabla ya kufungua, Sumari aliacha chuma nyumbani, akavuka mto. Uani kwa Mama Elinaza alikuta kigoda kimewekwa nje ya mlango, upande wa migomba, ili akaaye aipe nyumba mgongo. Akakaa. Ndani alisikia shuka likipapasa ukuta, kisha mtu akakaa chini upande wa pili.

Aliuliza hali ya ng'ombe. Akajibiwa kwamba mmoja anachechemea. Akaulizwa habari za mtoto, akasema ameota jino, na kwamba ameshika sikio la baba yake na hataki kuliachia. Ndani pakawa na mguno mdogo wa furaha. Mkono mwembamba ukapitisha kibuyu kwenye upenyo wa mlango, ukakiweka chini, ukarudi. Sumari akanywa maziwa bila haraka. Maneno ya kawaida yalipokwisha wakanyamaza wote wawili, na kuku wakaendelea kuchakura chini ya migomba.

Sumari akaweka kibuyu chini. Macho yake yakiwa kwenye majani, akasema kwa sauti ndogo sana, ile ambayo watu wa nyumba yao waliitumia wakati wa kukamua:

"Kesho kutwa wanafungua tena, mama. Usishuke."